Italiki si herufi iliyoinamishwa

Wengi wanaoandika kwa kompyuta huamini kwamba italiki ni herufi zilezile za kawaida zilizolazwa kidogo kuelekea kulia. Fonti ya Times New Roman, inayojulikana na kila mwanafunzi wa chuo, yatosha kuonyesha kwamba sivyo. Herufi a iliyosimama wima ina shingo iliyopinda juu ya tumbo. Ya italiki haina shingo hiyo. Herufi f ya wima huishia kwenye mstari, ya italiki hushuka chini yake. Hata vikucha vidogo vinavyofunga miguu ya herufi za wima, kwenye italiki hugeuka mikia laini, kama wino ulioachwa na kalamu inayokimbilia herufi ifuatayo.

Kalamu ndiyo chimbuko lake hasa. Katika karne ya 15, wasomi wa Florence, Niccolò de' Niccoli akiwa mmoja wao, walinakili vitabu vya Kilatini kwa mwandiko wa haraka uliolala. Huko Venice, Francesco Griffo alichonga herufi za chuma kwa kufuata mwandiko wa namna hiyo, na mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius akatoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa italiki, isipokuwa herufi kubwa zilizobaki wima. Husemwa mara nyingi kwamba nia ilikuwa kubana matumizi ya karatasi. Herufi hizo ni nyembamba kweli, lakini katika ushairi kila mshororo hukaa kwenye mstari wake, uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo wembamba huo haungeweza kuokoa kurasa nyingi. Naona uzito ulikuwa kwenye sura: ukurasa uliochapwa ulifanana na mwandiko wa msomi.

Pingamizi kubwa zaidi lilitoka kwa bingwa wa fani yenyewe. Mwaka 1926 Mwingereza Stanley Morison alidai kwamba italiki bora ni herufi ya wima iliyoinamishwa tu, ili zipatane. Hata hivyo, Times New Roman aliyoisimamia ilipoanza kutumiwa na gazeti la The Times mwaka 1932, italiki yake ilikuwa ya kimapokeo, yenye maumbo yake yenyewe. Hapo matendo yalishinda nadharia. Italiki ikifanana mno na jirani yake, jicho halitambui kwamba sauti imebadilika, na kazi yake ni hiyo: kutenga jina la kitabu, neno la kigeni, au jina la kisayansi kama *Aedes aegypti*.

Wapo wanaosema italiki huchosha macho. Wana haki pale inapojaza ukurasa mzima. Chama cha Uingereza cha disleksia, yaani tatizo la ugumu wa kusoma, hushauri iepukwe. Basi itumike kwa maneno machache, na fonti isiyo na italiki yake halisi isilazimishwe kuinama: alama za mtajo zinatosha.