Mafua Yakikawia, Masikio Nayo Huziba

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ukungu utandapo juu ya Limuru na Kinangop na jua lisionekane mpaka adhuhuri, ni nadra kupita nyumba isiyo na mtu anayekohoa au kupenga kamasi. Hapana aonaye ajabu. Mafua ni ya kila mtu, nayo mengi hupona yenyewe kwa muda wa wiki moja hivi. Lakini yako yale yasiyotaka kuondoka: kamasi huwa nzito, pua huziba usiku kucha, na baada ya siku kadha mgonjwa hulalamika kwamba masikio yake yamekuwa kama yaliyotiwa pamba. Hapo wengi hukimbilia kutibu sikio, na pua huachwa vivi hivi, ingawa pua ndiyo mwanzo wa taabu yote.

Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, pana matundu mawili madogo, moja kila upande. Kila tundu ni mlango wa mrija mwembamba uendao mpaka katika chumba kidogo kilichoko nyuma ya kiwambo cha sikio. Daktari wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza mrija huo katika karne ya 16, na hata leo waitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kupitisha hewa. Msomaji aliyepata kuteremka kwa gari kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu anaujua, ijapokuwa hakuambiwa: masikio huziba njiani, kisha akimeza mate au kupiga miayo husikia mlio mdogo, yakazibuka. Mafua yanapouvimbisha mrija, hewa haipiti. Maji hukusanyika katika kile chumba, na kiwambo hakitikisiki ipasavyo. Mrija wa mtoto ni mfupi, tena umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo sababu watoto huugua masikio mara nyingi.

Basi dawa ya kwanza ni maji ya chumvi, na bei yake kila mtu aiweza. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Inama juu ya karai, pumua kwa kinywa, uyamimine polepole katika tundu moja la pua yatokee la pili. Mtoto mchanga hutiwa matone mawili matatu tu. Maji yasiyochemshwa yasitumiwe kamwe. Na wakati wa kupenga, ziba tundu moja upenge jingine, bila nguvu. Apengaye kwa kishindo huzisukuma kamasi kuelekea sikioni.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi ni desturi ya wengi, wala sina neno nayo kwa mtu mzima aliye mwangalifu. Lakini kumfunika mtoto blanketi pamoja na sufuria ya maji ya moto ni hatari. Wako walioungua vibaya kwa njia hiyo. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Tena moshi wa kuni huzidisha mafua, basi mtoto asilazwe jikoni.

Sikio lenyewe lisitiwe kitu: si mafuta ya kupikia, si maziwa ya mama, si maji ya majani, wala lisichokolewe kwa kijiti cha kiberiti au unyoya wa kuku. Likitoa usaha, sokota kitambaa safi cha pamba, kiingize taratibu kinyonye majimaji, ukitoe na kutia kingine mpaka sikio likauke, mara tatu kila siku. Na mtoto apelekwe zahanati. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni jambo la hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo mtu mzima ambaye sikio lake moja limeacha kusikia ghafula asingoje.

Yule ambaye aghalabu husahauliwa ni mtoto asiye na usaha wala maumivu, bali maji tu nyuma ya kiwambo. Shuleni hukaa nyuma, haitiki aitwapo, huandika neno silo, na huitwa mzembe au mkaidi. Pengine huadhibiwa kwa amri ambayo hakuisikia. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe katika miezi mitatu. Yakizidi, daktari amtazame. Wakati huo akae mbele, karibu na mwalimu, auone uso wake anaposema. Mzazi mwenye shaka asimame nyuma ya mwanawe, hatua chache, amwite kwa sauti ya chini akiwa anacheza. Amwite tena siku nyingine, wakati pua yake imefunguka.