Njia nafuu ya meli si lazima iwe njia salama

ALFAJIRI ya Septemba 18, 2013, meli ya Ovit, iliyokuwa imebeba mafuta ya mboga kutoka Rotterdam, Uholanzi, kuelekea Brindisi, Italia, ilikwama kwenye fungu la mchanga la Varne katika mlangobahari wa Dover, baina ya Uingereza na Ufaransa. Ofisa wa zamu alichukua dakika 19 kutambua kwamba chombo hakisongi tena.

Wachunguzi wa Uingereza walibaini kuwa njia iliyochorwa katika mtambo wa ramani za kielektroniki, ujulikanao kama ECDIS, ilipita moja kwa moja juu ya fungu hilo. Ilikuwa imeandaliwa na ofisa wa cheo cha chini asiye na tajriba, na nahodha hakuikagua. Meli hiyo ilinasuka maji yalipojaa, takriban saa tatu baadaye, bila mtu kujeruhiwa.

Njia ya Ovit ilichorwa na baharia aliyekuwa melini. Siku hizi, njia nyingi huanzia nchi kavu. Wataalamu hutumia tarakilishi kupima upepo, mawimbi, mikondo ya bahari na mafuta ambayo injini itachoma, kisha humtumia nahodha kwa baruapepe faili yenye njia waliyoona kuwa nafuu zaidi. Nahodha huiingiza faili hiyo katika ECDIS, na mara moja mstari huonekana kwenye ramani. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu mstari ulionyooka vizuri humshawishi mtu aamini kwamba kazi imekwisha.

Hapo awali, kila kiwanda kilichounda mitambo hiyo kilikuwa na muundo wake wa faili. Ofisa alilazimika kunakili nukta za kugeukia moja baada ya nyingine, na tarakimu moja ikikosewa, njia ilipotoka. Mnamo 2015, kanuni za kimataifa za mitambo hiyo zilijumuisha muundo mmoja wa pamoja uitwao RTZ. Faili ya RTZ huweza kubeba latitudo na longitudo za kila nukta, aina ya mstari unaounganisha nukta hizo, upana ambao meli inaruhusiwa kupotoka kushoto au kulia, na ratiba ya mwendo.

Lakini faili hiyo haibebi bahari yenyewe. Haina kina cha maji, miamba wala maboya. Hayo yote yamo katika ramani za meli, ambazo sharti ziwe za karibuni. Aidha, programu inayotafuta njia ya kuokoa mafuta huitazama bahari kwa upana, na inaweza kukosa kuona fungu dogo ambalo ramani ya kina huonyesha waziwazi.

Makosa ya uhamishaji nayo si ya kupuuzwa. Tuchukue mfano wa pwani ya Kenya. Nukta iliyo digrii 4 na dakika 30 kusini mwa ikweta huwa karibu na Msambweni. Digrii moja ina dakika 60, kwa hivyo mahali hapo ni digrii 4.5. Anayeandika 4.30 badala yake huwa ameisogeza nukta hiyo hadi digrii 4 na dakika 18, karibu na Diani. Hilo ni kosa la maili 12 za baharini, yaani takriban kilomita 22, katika pwani iliyozungukwa na matumbawe.

Kosa jingine huhusu aina ya mstari. Kati ya nukta mbili, meli inaweza kushika mwelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho, au kufuata tao la mviringo wa dunia ambalo ndilo fupi zaidi. Katika safari ya kuvuka Pasifiki, mistari hiyo miwili huweza kutengana kwa mamia ya maili. Mtambo ukiisoma aina moja kuwa nyingine, nukta zitabaki sahihi ilhali njia ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana ofisa mwangalifu huanza kwa kuhesabu nukta, kisha hulinganisha umbali wote na saa ya kuwasili na zile zilizotumwa. Baadaye huingiza vipimo vya meli yake, hasa kiasi inachozama majini ikiwa na shehena, na kuuamuru mtambo ukague njia nzima. Hatimaye huikagua kwa macho, sehemu baada ya sehemu, kwenye ramani yenye maelezo mengi zaidi, huku akitazama njia rasmi za kupishania meli na maeneo yaliyopigwa marufuku. Nahodha ndiye huidhinisha.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari (IMO), uliopitishwa 1999, unataka safari ipangwe kutoka gati hadi gati. Nao mkataba wa usalama wa maisha baharini unamkataza mwenye meli au mkodishaji kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona kuwa wa lazima kwa usalama.

Hata hivyo, nahodha akiibadilisha njia, anapaswa kuwarudishia walio nchi kavu faili mpya. La sivyo, watakuwa wakiifuatilia meli kwenye mstari ambao haupo tena, na kumpa ushauri wa hali ya hewa usiomfaa. Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kampuni inaweza kupendekeza njia na tarakilishi ikaichora, lakini anayejibu chombo kinapogusa mwamba ni nahodha.