Kichaka cha Kwetu kwa Wachavushaji wa Kwetu (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi wanakijiji wa kujitolea wanavyoweza kutenga kipande cha uwanja wa shule kwa ajili ya wadudu wachavushaji. Leo tuangalie kwa nini kipande hicho kipandwe mimea ya asili, na si maua yoyote yanayopendeza macho. Jibu limo ndani ya ua la bilinganya. Chavua yake imefungiwa katika vifuko vya manjano vyenye tundu dogo nchani, na nyuki wa asali hana mbinu ya kuitoa. Wanaoiweza ni nyuki wa mwituni, mathalani wale wakubwa weusi watoboao mbao: hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mabawa kwa mvumo mkali, na chavua ikamwagika. Lakini ua hilo halina nekta. Utafiti uliofanywa Nguruman, kusini mwa Kenya, ulionyesha kwamba nyuki hao hutegemea pia mimea ya pori jirani. Pori likifyekwa lote, shamba hubaki na maua tele na matunda haba.

Wapo watakaosema kwamba mkaratusi nao una nekta nyingi. Ni kweli, ila kwa nondo, nekta ni chakula cha mdudu mzima tu. Katika Bonde la Kerio, mpapai huchavushwa hasa na nondo warukao kasi magharibi inapoingia, na viwavi wa nondo hao hulelewa na majani ya mimea ya porini. Ua la kigeni linaweza kumlisha mama. Watoto wake wanahitaji jani walilolizoea.

Wengine wanahofia kuumwa. Nyuki wengi wa mwituni huishi kila mmoja peke yake, hawana mzinga wala asali ya kulinda, hivyo si wepesi wa kushambulia. Wengine wanadai kazi ya kujitolea haidumu. Katika msitu wa Karura, Nairobi, jumuiya ya wananchi imeshirikiana na serikali kwa miaka mingi kuondoa miti ya kigeni na kurudisha ya asili. Kichaka cha shule kinadai kidogo zaidi: kivumbasi, mkwaju, mgunga, udongo usiolimwa kwa wachimbao viota, na gogo kavu ambalo mtu ameamua kutolitia jikoni.

Wiki ijayo: kukusanya mbegu na kugawana zamu.