Nati mbili za gurudumu la mbele

Treni isipopita Niemba, kwenye reli ya Kabalo hadi Kalemie, mashariki mwa Kongo, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mzigo hupakiwa Land Cruiser kuukuu. Gari hilo hula vumbi jekundu, huvuka vijito, hurudi vumbini. Beringi za mbele ndizo zinazoteseka.

Ndani ya habu zimo beringi mbili, kila moja ikiwa na rola zilizolala mshazari. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, alipewa hataza ya umbo hilo mwaka 1898. Kwa kuwa rola zimeinama, mkono wa fundi ndio unaoamua zibanwe kiasi gani. Magari mengi mapya huja na beringi iliyofungwa kiwandani, nati hukazwa kwa nguvu nyingi, basi. Nguvu hiyo ikipelekwa kwenye gari la zamani, huua beringi.

Kwenye Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele, kuna nati mbili, na kazi zao ni tofauti: ya ndani hupima, ya nje hufunga. Inua gari, weka stendi. Kwa soketi ya 54, kaza nati ya ndani hadi Nm 59 huku ukizungusha habu mbele na nyuma, ili rola zikae na girisi ya ziada itoke. Kisha ilegeze hadi izunguke kwa vidole, uikaze tena kidogo tu, kama Nm 5. Nasa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, kwenye stadi moja ya gurudumu, uvute: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Ndipo uweke washa, ukaze nati ya nje Nm 64, na upime upya. Wengi huruka hapo, ilhali nati ya nje husukuma ya ndani na mkazo huongezeka. Mwisho kunja washa: upande mmoja juu ya nati ya ndani, mwingine juu ya nati ya nje. Washa iliyokwisha kunjwa mara nyingi hukatika, itupe.

Patasi na nyundo? Naelewa, soketi ya 54 haipatikani kila mahali. Lakini vipande vya chuma huangukia kwenye girisi, na mkazo hukisiwa tu. Afadhali mchomeleaji akutengenezee soketi ya bomba.

Beringi iliyolegea hutikisa usukani na kuharibu tairi, yaani inalalamika. Iliyokazwa mno huungua kimyakimya: girisi huyeyuka na kuvuja, rola hugeuka bluu.

Maji nayo yana hila. Habu yenye joto ikiingia kijitoni, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Girisi ikiwa nyeupe kama maziwa, safisha yote, weka mpya.

Baada ya kilomita 20 hivi, gusa habu zote mbili. Uvuguvugu si neno. Upande mmoja ukichoma, usikimbilie nati: inua gurudumu ulizungushe kwanza, maana breki iliyokwama nayo huchoma vilevile.