Dawa ya moto ni moto: Kuvu yatumiwa kukabili sumu ya mahindi

MWAKA 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi.

Hutokana na kuvu iishiyo udongoni, ambayo wanasayansi huiita Aspergillus flavus. Ukame unapoudhoofisha mmea au wadudu wanapotoboa punje, kuvu hupenya ndani. Mavuno yakihifadhiwa na unyevu, huzidi kuenea.

Anayekula sumu hiyo kwa wingi huharibika ini na huenda akafariki upesi. Naye anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa ikiwa ana virusi vya hepatitisi B.

Hata hivyo, si kuvu zote za jamii hiyo zilizo na uwezo wa kutengeneza sumu. Huko Arizona, Marekani, watafiti walitangulia kuzitumia zile zisizo na sumu kukinga pamba, ambayo mbegu zake hulishwa ng'ombe wa maziwa. Kwa kufuata njia hiyo, aina nne zilizopatikana humu nchini ziliteuliwa kuunda bidhaa iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Kiwanda chake kilijengwa Katumani, Machakos, katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Matumizi yake si magumu. Kuvu hizo hupakwa kwenye punje za mtama zilizochomwa ili zisiote. Mkulima huzitawanya kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu njema hujilisha kwa mtama huo, huzaana, na kutwaa makao ambayo kuvu yenye sumu ingeyashika. Majaribio yameonyesha kuwa sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi.

Lakini kinga si tiba. Mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumu hayatakasiki kwa njia hii. Bado ni lazima yaanikwe juu ya turubai, yakauke vyema, na kuwekwa mahali pasipovuja.

Kikwazo kingine ni soko. Mahindi safi na yale yenye sumu hufanana machoni pa mnunuzi, hivyo mkulima aliyegharamika huenda akalipwa sawa na asiyejali. Sheria imeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kila kilo, lakini mahindi yanayotoka ghalani hadi chunguni hayapitii kwa mpimaji yeyote. Kwa familia kama hizo, usalama wa chakula huanzia shambani, wiki kadhaa kabla ya hindi la kwanza kuonekana.