Chujio kwanza, samaki wa bahari baadaye

MBARARA iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka bandari ya Mombasa, na umeme hukatika bila kuaga. Hata hivyo, walimu wenzangu wa sayansi huko huniuliza kama shule inaweza kufuga samaki wa bahari katika tangi dogo la kioo, la lita 80 au 100. Inawezekana. Tatizo ni kwamba wengi hununua samaki kwanza, chujio baadaye. Matokeo yake samaki hufa na fedha za wazazi hupotea.

Mimi nilisomea ukimbizini. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wetu tuliozaliwa baadaye tulikulia humo. Maji ya ziwa tuliyachuja kwa kitambaa, yakatulia hata kitako cha ndoo kikaonekana. Mama zetu waliyachemsha vilevile, maana walijua kwamba maji maangavu si lazima yawe salama. Leo nimerudi Rwanda na ninafundisha, na somo hilo ndilo ninaloanza nalo kwa kila anayetaka tangi la samaki.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Wanaoiondoa ni bakteria, ambao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao wanahitaji mahali pa kujishikiza na hewa ya kutosha, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa. Kwa hiyo chujio ni nyumba ya bakteria kabla ya kuwa kitu cha kunasa uchafu.

Sasa, tuchague lipi? Chujio la kopo lililofungwa, linalokaa chini ya meza, lina nguvu na nafasi kubwa. Lakini umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa humo hukosa hewa na kufa. Umeme ukirudi, pampu husukuma uozo tangini. Chujio la kuning'inia nyuma ya kioo ni rahisi kusafisha, ila nalo husimama umeme ukizimika. Chujio la sponji huendeshwa na mapovu ya pampu ndogo ya hewa, na pampu za aina hiyo zipo hata za betri. Ni la bei nafuu na halina mengi ya kuharibika.

Kwa tangi la shule, mimi ningechagua sponji, na pembeni mawe yenye vitundu vingi, ambayo hayakung'olewa kwenye matumbawe. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi, na mwinuko wa Mbarara, unaokaribia mita 1,400, huipunguza zaidi. Mapovu basi si urembo. Mashine ya kutoa povu, inayonasa uchafu kabla haujaoza, ni nzuri, lakini mwenye samaki wawili wadogo na anayebadilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki anaweza kufanya bila hiyo.

Wapo wanaouliza kuhusu chumvi ya Katwe, kwa kuwa iko karibu. Haifai. Ziwa lile lina magadi na salfeti nyingi, na mchanganyiko wake si wa bahari. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, takriban gramu 35 kwa lita, na uipime. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi tu, kwani chumvi haipai na mvuke.

Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Na sponji isioshwe bombani kamwe: ikamulie ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, vinginevyo utaua bakteria uliowalea kwa wiki zote hizo.

Wakati wa kusubiri, wanafunzi wapime amonia na kuandika matokeo ukutani. Ikifika sifuri na kubaki hapo ingawa mnaendelea kuwalisha bakteria kwa chembe za chakula, ndipo mnunue samaki wa kwanza. Mtoto aliyeona kipimo kikikataa maji yanayong'aa hatahitaji kushawishiwa kuchemsha maji ya kunywa nyumbani.