Tiketi ya mpira isiachiwe mlanguzi

Simba au Yanga ikipangiwa kucheza na Namungo kwenye Uwanja wa Majaliwa, mji wa Ruangwa hufurika. Watu hutoka Nachingwea, Masasi na vijiji vya Kata ya Nkowe, wengine wakiwa na fedha za ufuta mfukoni. Tangu Namungo, yaani Wauaji wa Kusini, wapande Ligi Kuu msimu wa 2019/20, mpira mkubwa umewafikia watu ambao zamani waliusikiliza redioni. Ndiyo maana ulanguzi wa tiketi, unaozungumzwa kama kero ya Dar es Salaam, unawahusu na wao. Naamini unawaumiza zaidi.

Anayekaa karibu na dirisha la tiketi ana nafuu. Akikosa, anarudi nyumbani kwa miguu. Aliyetoka Nkowe ameshalipa nauli, ameacha shamba, pengine ameongozana na mwanawe. Akiambiwa tiketi zimekwisha, halafu kijana akamsogelea na kumnong'oneza kwamba anayo, ya Sh10,000 kwa Sh20,000, afanyeje? Atalipa. Mlanguzi anakula umbali aliousafiri yule mtu.

Halafu kuna hatari. Mei 28, 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, msongamano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine. Sisemi walanguzi ndio walioleta maafa yale. Ninachosema ni kwamba kila tiketi ya bandia inampeleka getini mtu ambaye hakuhesabiwa, na geti halijui huruma. Waingereza walijifunza kwa machungu. Baada ya maafa ya Uwanja wa Hillsborough ya mwaka 1989, yaliyogharimu maisha ya watu 97, Jaji Taylor aliyeongoza uchunguzi aligusia pia biashara ya tiketi za magendo, na mwaka 1994 sheria ikafanya kuuza tiketi ya mpira bila idhini kuwa kosa la jinai. Japani nayo, tangu 2019, inamwadhibu anayefanya biashara ya kuuza tena tiketi za michezo na muziki kwa bei iliyozidi ya awali.

Kwetu, anayechapa tiketi bandia anaweza kushtakiwa kwa kughushi au kujipatia fedha kwa udanganyifu. Ugumu uko kwenye tiketi halali iliyouzwa kwa bei ya kuruka. Kadi ya kielektroniki ya N-Card ya kuingilia uwanjani, ileile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni, imeondoa karatasi na imesaidia kuhesabu watu na mapato. Lakini kadi iliyokwisha kuwekewa tiketi inaweza kupita mkono hadi mkono pamoja na kilichomo, na mwenye kadi nyingi ana duka. Mtambo peke yake hautoshi.

Mfano wa kisheria tunao nyumbani. Nauli ya basi la abiria ina ukomo, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, humwadhibu msafirishaji anayeuvuka. Bei ya tiketi ya mpira hupangwa na klabu mwenyeji, na iendelee kupangwa nayo. Ila ikishatangazwa, iwe ndiyo bei ya mwisho, na atakayeuza tena kwa zaidi ya hapo kwa biashara awe ametenda kosa lililoandikwa kwa jina lake.

Hapo naomba tukumbuke mwaka 1983. Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na nchi nzima ilitikisika. Nia ilikuwa njema, lakini bidhaa nyingine zilifichwa, nyingine zikatupwa vichakani, na uhaba ukabaki kwa kuwa chanzo chake hakikuwa dukani tu. Sheria ya tiketi itafuata njia hiyohiyo kama kazi yake itakuwa kumkamata kijana mwenye tiketi 5 kando ya geti, huku aliyempa akiwa amekaa ndani. Tiketi 200 hazitoki dirishani zenyewe. Adhabu kubwa imwangukie aliyekabidhiwa kuuza akazigeuza mali yake, awe wakala, ofisa wa klabu au mlinzi.

Na mwenye tiketi aliyepatwa na msiba au ugonjwa apewe njia halali ya kuirudisha kwa bei aliyonunulia, ili impate mwingine. Bila njia hiyo, hata mtu mwema atamtafuta mlanguzi. Vilevile sehemu ya tiketi za mechi za Ruangwa iuzwe kwanza vijijini, kwa mawakala wa fedha za simu, kabla ya siku ya mchezo.

Fainali za AFCON zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2027. Muda wa kuwa na sheria kabla ya hapo ni mfupi: muswada husomwa mara ya kwanza, ukapita kwenye kamati, ndipo ukarudi bungeni, na kanuni zake nazo huchukua muda. Wabunge wa Ruangwa na Nachingwea, lipelekeni jambo hili Dodoma sasa.